Silinda hedi na valvu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

"Tapeti zikigonga, zikaze mpaka injini inyamaze."
Ushauri huu huunguza valvu. Tapeti ni kipande kinachosukumwa na kamshafti (shafti yenye nundu) ili kufungua valvu. Valvu ya kutolea moshi huogeshwa na gesi za moto, na joto lake jingi huhamia kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kupitia siti (kikalio cha valvu), katika muda ule mfupi inapokuwa imefunga. Linalobaki hupitia shina na gaidi (bomba linaloongoza shina). Injini ikipata moto, shina hurefuka. Kama hukuacha nafasi kati ya tapeti na shina, valvu haikai vizuri kwenye siti, gesi hupenya, ukingo huungua mpaka kumeguka. Dalili ya mwanzo ni injini kukosa silinda moja ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kushuka.

Siti na uso wa valvu vikilika, valvu hupanda na nafasi hupungua. Kwa hiyo tapeti iliyonyamaza yenyewe inatisha kuliko inayogonga kidogo. Seti kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi), nundu ya kamshafti ikiwa imeipa tapeti mgongo. Vipimo kama 0.20 mm upande wa kuingiza na 0.30 mm upande wa moshi ni vya kawaida, ila fuata kitabu cha injini yako, pamoja na agizo la kupima ikiwa baridi au moto. (Tapeti za haidroliki hujirekebisha zenyewe.)

"Valvu ya moshi ndiyo inayopaswa kuwa kubwa."
Kinyume chake. Moshi husukumwa na presha ya silinda. Hewa safi huingia kwa tofauti ndogo tu ya presha, hivyo hupewa mlango mpana.

"Panua njia za hewa, ng'arisha kama kioo, nguvu itaongezeka."
Njia ikipanuka mno, kasi ya hewa hushuka na injini hulegea kwenye mizunguko ya chini. Faida kubwa iko karibu na siti: pembe ya 45° ya kufungia, 30° juu yake na 60° chini. Usiifanye siti nyembamba kupita kiasi upande wa moshi, valvu itakosa pa kupoea.

"Hedi ikipinda, ichonge tu."
Kuchonga hupandisha uwiano wa kompresheni, husogeza valvu karibu na pistoni, na kamshafti ikiwa juu ya hedi, taimingi (wakati wa valvu kufunguka na kufunga) huchelewa kidogo. Tena hedi hupinda yote, si uso wa chini pekee. Funga kamshafti bila valvu wala tapeti: isipozunguka kwa mkono, mstari wa beringi zake umepinda, na hedi inahitaji kunyooshwa kabla ya kuchongwa.