Mafunjo ya ufukweni si kichaka cha mbu tu
Wakazi wengi wa ufukwe wa Ziwa Victoria, hapa Mwanza na vijiji vya jirani, huamini kwamba mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasi, ni pori lisilo na faida linalozalisha mbu wa malaria, na kwamba kuyafyeka ni kusafisha ziwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa malaria imetutesa vizazi na vizazi. Hata hivyo, baadhi ya mbu wakuu wa malaria hupendelea kutaga kwenye madimbwi madogo yanayopigwa na jua, ambayo ufyekaji huweza kuyaongeza.

Lenye uzito zaidi kwangu ni furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Baada ya sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka, lakini baadhi zilinusurika katikati ya mashina ya mafunjo, ambako oksijeni ni haba na sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, hawezi kukaa.

Mafunjo pia huchuja tope la vijito kabla halijafika ziwani. Mwenye shaka achote maji baada ya mvua, mahali pasipo na viboko wala mamba: chupa moja pale kijito kinapoingia kwenye mafunjo, nyingine pale maji yanapotokea upande wa ziwa. Aziache hadi kesho yake, kisha alinganishe tope lililotuama.