Kwa Nini Kidonge cha Tumbo Husagwa Kikanyunyizwa Kwenye Kidonda cha Titi?

Saratani ya titi iliyokwisha kuenea wakati mwingine hupasua ngozi ikawa kidonda kisichofunga, chenye harufu inayojaa nyumba nzima. Wauguzi wa tiba shufaa, ambao kazi yao ni kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, hata asiyetarajiwa kupona, husaga vidonge vya metronidazoli, hivi hivi tunavyomeza kwa ajili ya amiba na kuviita Flagyl, wakanyunyiza unga wake juu ya kidonda.

Nilipokuwa nikimuuguza shangazi yangu Kibokoni, Mombasa, niliamini, kama wote nyumbani, kwamba harufu ile ilitokana na uchafu. Tulimwosha kwa sabuni na dawa ya kuulia vijidudu asubuhi na jioni, tukafukiza udi hata chetezo hakikupata kupoa, naye, aliyekuwa mtu wa kupenda wageni, akawa anaomba mlango ufungwe kila aliposikia hodi. Tulikosea, na kosa hilo lilimuumiza mara mbili: sabuni ilimchoma na kusugua kukamtoa damu, kisha yeye mwenyewe akasadiki kwamba ananuka kwa kukosa usafi. Hakuwa mchafu hata siku moja.

Chanzo ni ukosefu wa hewa. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa ya damu inayoulisha, sehemu ya nyama hukosa oksijeni ikafa, na humo hustawi bakteria wasiohitaji hewa, ambao huiozesha na kutoa kemikali zinazonuka. Ajuaye matope ya mikoko ya Tudor maji yanapokupwa ameshakutana na jambo la namna hii: juu pametulia, lakini ukizamisha mguu, ule weusi wa chini, usiofikiwa na hewa, hutoa harufu kali. Kusuguasugua juu hakubadilishi yanayotendeka chini.

Metronidazoli huingia ndani ya bakteria ikiwa haina makali, na ni pale tu oksijeni inapokuwa haba ndipo hugeuka na kuharibu chembe zao za urithi, kama mtego unaofyatuka ndani ya shimo la panya tu. Huwekwa juu ya kidonda kwa sababu dawa iliyomezwa husafiri kwa damu, na nyama iliyokufa haina damu ya kuifikisha.

Haipunguzi uvimbe, na tafiti zilizoipima kidondani zilihusisha wagonjwa wachache, hivyo kipimo na siku za kuitumia aviamue muuguzi au daktari. Kwetu, muuguzi alitufundisha kwanza kulowesha kitambaa kabla ya kukibandua, kisha kumimina taratibu maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, ndipo unga ufuate. Siku chache baadaye jirani alipiga hodi na bakuli la uji, na shangazi akaitika mwenyewe, “Karibu.”