Jamani, Flasha Haina Kosa

Wiki hii tena: Land Rover Series IIA, flasha (kidude kinachofanya indiketa ziwake na kuzima) mpya ya tatu, na indiketa za kushoto bado zinawaka bila kuzimika. Kila alikopita, mwenye gari kaambiwa neno lile lile: "Flasha imekufa." Nimechoka kulisikia.

Flasha ya zamani haihesabu sekunde. Inafanya kazi kwa joto, na joto hilo linaletwa na umeme unaokwenda kwenye balbu zenyewe. Balbu mbili za wati 21 kwa volti 12 zinavuta ampea 3.5. Ukiweka ya wati 5 nyuma, au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi) ikiwa mbovu, ampea zinashuka na flasha inapoteza mwendo. Inakuonyesha ugonjwa, nawe unaitupa.

Waya zenyewe hazina fumbo: flasha ina pini tatu, B, L na P; waya wa kijani kutoka kwenye fyuzi uingie B, L iende kwenye swichi, P kwenye taa ya dashibodi. Kutoka kwenye swichi, kijani chenye mstari mwekundu ni kushoto, chenye mweupe ni kulia.

Shida ni ethi. Bodi ya Land Rover ni alumini, boliti ni za chuma. Vikikutana kwenye unyevu, hasa huku pwani kwenye chumvi, alumini inatoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Halafu fundi anachomoa balbu, anapima kwenye holda, anaona volti 12, anaridhika. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo ethi mbovu haijionyeshi! Pima balbu ikiwa inawaka: mguu mmoja wa mita kwenye ganda la holda, mwingine kwenye hasi ya betri (magari ya mwanzo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo angalia kwanza). Hapo unasoma volti zinazopotea kwenye ethi; mimi nakubali hadi 0.2. Gari hili lilisoma 2.8.

Nilivuta waya mweusi kutoka kwenye holda hadi kwenye chesisi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Flasha ile ile ikaanza kukonyeza.

Wanaotaka balbu za LED nawafungia flasha ya elektroniki, maana ya joto haiziwezi. Lakini sina amani nayo. Yenyewe hukonyeza sawasawa hata ethi ikiwa imeoza, na dereva aliye nyuma yako anaona taa hafifu juani, wakati wewe unasikia tiki-tiki na kuamini uko salama.