Kupanua barabara hakupunguzi moshi

Dar es Salaam utasikia kila siku: ongezeni njia, foleni iishe, moshi upungue. Kwa muda mfupi huonekana kweli. Kisha aliyekuwa akipanda daladala anawasha gari lake, aliyekuwa akitoka alfajiri anatoka saa mbili, na njia mpya zinajaa. Houston, Marekani, ilipanua barabara kuu ya Katy hadi njia zaidi ya 20, kazi iliyokamilika 2008. Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari za jioni uliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kinachopunguza hewa ukaa ni kubeba watu wengi kwa mafuta machache. Simama Kimara saa moja asubuhi. Basi la mwendokasi lenye mita 18 linapita kwenye njia yake na watu zaidi ya 100. Pembeni magari yamekwama, injini zinaunguruma, mengi yana mtu mmoja tu. Huduma hiyo ilianza Mei 2016. Inachohitaji ni mabasi ya kutosha, maana abiria wanabanana vituoni, na wakichoka kusubiri wanapanda bodaboda. Tena kuna waendao kwa miguu: wapewe njia salama, wasiruke mitaro.