Jaketi Okozi Si Mto wa Kukalia

Malalamiko yanayotufikia kutoka Dunga na Usoma, fuo za Ziwa Victoria huko Kisumu, ni yale yale: mbona mashua inarudishwa ufuoni na jaketi ziko? Ziko, naam, chini ya makalio ya abiria. Mkaguzi hahesabu jaketi zilizobebwa, anahesabu zilizovaliwa.

Isitoshe, ukiikalia unaiua. Kinachoelea ni hewa iliyonaswa ndani ya povu. Povu likishabonyea halirudi. Ivae, funga vifungo vyote na mkanda wa kupita katikati ya miguu, kisha inua mikono mwenzako akuvute jaketi mabegani. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa au imelegea. Mtoto asivalishwe ya mtu mzima hata ikikazwa vipi: majini itapanda yenyewe, naye achomoke kwa chini. Uzani inaofaa umeandikwa ndani yake.

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha aandike majina ya abiria wote, pamoja na mtoto wa mgongoni. Nakala moja ibaki kwa BMU, kamati inayosimamia ufuo, nyingine aende nayo. Akipakia mtu njiani, apige simu jina liongezwe. Mashua ikipinduka, waokoaji lazima wajue wanatafuta watu wangapi. Idadi isizidi iliyo kwenye cheti cha ukaguzi. Haya yakikiukwa, mashua inaweza kuzuiwa, leseni ikasimamishwa, na mwenye mashua na nahodha wakashtakiwa, kila mmoja kwa kosa lake. "Abiria alikataa kuvaa" si utetezi. Aliyekataa, abaki ufuoni.

Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huchafuka, kwa hiyo safari za mashua ndogo ni za asubuhi. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Wavuvi wa omena, dagaa wanaovuliwa usiku, wanalijua hili: injini ikizima usiku, upepo haukusukumi nyumbani.

Anayezama aghalabu hapigi kelele, kwa sababu mdomo uko majini. Usimrukie, atakukumbatia mzame wote. Mtupie mtungi wa lita 20 uliofungwa kamba na kukazwa kifuniko. Tia maji kidogo ndani ili urushike mbali, la sivyo upepo utaurudisha.

Akitolewa, tafadhali, tumelisema hili mara ngapi: hakuna kumning'iniza kichwa chini, hakuna kumkamua tumbo. Hayo maji ya tumboni siyo yanayomuua, na unapoyakamua anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Anachokosa ni hewa. Mmoja apige 999 au 112. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, tena 30, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.