Fonti nzito ya mlazo: anza kwa kuitazama "a"

Mteja akifika kwenye karakana yetu hapa Kariakoo akasema anataka maandishi "yenye mwendo", najua anachotaka: herufi nzito, zimelala kulia, ncha zake kavu bila vijiguu, yaani vile vijistari vidogo vya kwenye ncha za herufi. Ndizo za jezi na za ubavuni mwa mabasi ya mikoani. Tunasoma kuelekea kulia, nazo zimeinamia huko huko, kwa hiyo neno linaonekana liko safarini hata gari likiwa limeegeshwa.

Mlazo wenyewe ulianza kwa upole. Francesco Griffo aliuchonga Venice kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius, akiiga mwandiko wa mkono, na mwaka 1501 vikaanza kutoka vitabu vizima kwa herufi hizo. Herufi za chapa zisizo na vijiguu zilitokea London mwaka 1816, kwa William Caslon IV, nazo zilikuwa herufi kubwa tupu, bila ndogo. Fonti yetu basi imerithi kalamu na imerithi bango, na kila msanifu huegemea upande wake. Fonti ya Helvetica ya 1957 huilaza "a" ileile ya kusimama, yenye kichwa juu ya tumbo. Fonti ya Gill Sans ya 1928 ikilala hubadilisha "a" iwe ya tumbo tupu, kama tunavyoiandika daftarini.

Kwetu jambo hili ni zito, maana Kiswahili kimejaa "a". Tabata ina tatu, Mbagala tatu. Chukua Kariakoo: kwa "a" ya tumbo tupu, ukiwa ng'ambo ya barabara, "a" na "o" zinaanza kufanana. Ile yenye kichwa haichanganyi, ila uzito ukizidi tundu lake linaziba. Kwa kibao cha daladala mimi nachagua yenye kichwa, tena uzito wa kiasi, tundu libaki wazi. Kwa jezi, tumbo tupu inapendeza zaidi.

Kinachoniumiza ni mlazo wa kughushi. Fonti ikikosa faili la mlazo, kompyuta huisukuma tu ile iliyosimama. Itazame "o": imenenepa juu kulia na chini kushoto, imekonda pembe nyingine mbili. Msanifu aliyechora mlazo kwa mkono wake huwa amesharekebisha unene huo. Kwenye herufi nyembamba kasoro hujificha. Kwenye nzito inapiga kelele.

Aya nzima usiipange hivi. Neno kama "wanaosafirishwa" likiwa zito na limelala ni ukuta mweusi. Maneno matatu au manne yanatosha.

Kabla ya kukata stika huwa naandika "Tabata" na "ng'ombe", nachapa kwenye karatasi, nabandika ukutani na kurudi nyuma hadi mlangoni. Matundu ya "a" yakionekana, na ritifaa ya "ng'" ikiwa imeinama pamoja na wenzake, nawasha mashine.