Dhana potofu kuhusu mifumo ya biashara mtandaoni, na msimu wa korosho unavyozifichua

Msimu wa korosho ukikaribia, kuanzia Tandahimba mpaka Ruangwa, utasikia watu wakiulizia kijana wa kuwatengenezea mfumo. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, amechoka na madaftari. Mwenye duka la dawa za mikorosho anataka kujua nani kakopa na nani kalipa. Mwenye malori anataka aone mzigo umeshushwa ghala gani kabla dereva hajapiga simu. Ni mahitaji ya kweli, na yakitimizwa vizuri mkulima anapata haki yake bila kuzungushwa. Kinachoharibu kazi ni mambo ambayo watu wameshayaamini kabla haijaanza, wenye biashara na watengenezaji vilevile.

"Mfumo ni kile unachokiona kwenye skrini"

Mteja anaoneshwa kurasa zenye rangi nzuri na grafu, anafurahi, analipa. Lakini ukurasa unaweza kubadilishwa hata mfumo ukiwa kazini. Kigumu kubadilisha ni mpangilio wa data kwenye kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zote za mfumo, kwa sababu msimu ukishaanza kila stakabadhi inaingia humo, na kosa la mpangilio linaingia nayo.

Chukua fedha tu. Tani 1,000 za korosho zikiuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, jumla ni shilingi 3,000,000,000. Kwenye PostgreSQL na MySQL, ambazo ni programu za kanzidata, safu ya aina ya INTEGER (namba nzima ya kawaida) inaishia 2,147,483,647. Mfumo wa namna hiyo utahudumia duka la nguo pale Masasi kwa miaka bila tatizo, halafu siku ya mnada mkubwa unagoma kuandika jumla. Tumia BIGINT, aina ya namba nzima kubwa zaidi, au NUMERIC, aina ya desimali isiyokadiria, pale penye senti na sehemu za kilo. FLOAT, aina inayokadiria desimali, iwe mbali kabisa na hela: kwa hesabu yake, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na vipande hivyo vikijumlishwa kwa maelfu ya wakulima, hesabu za chama na za benki hazitalingana.

Linaloniuma zaidi ni makato. Watengenezaji wengi huweka jedwali moja la tozo, kisha ripoti inapiga hesabu kwa kusoma tozo iliyopo sasa. Msimu unaofuata tozo zinabadilika, na mfumo unakokotoa upya malipo ya mwaka uliopita. Mkulima aliyetunza risiti yake anakuta kiasi kingine kwenye skrini, na hapo ndipo maneno ya wizi yanapoanzia, hata kama hakuna aliyeiba. Kila malipo yaandikwe pamoja na bei, daraja la korosho na makato yote yaliyotumika siku ile, na yasiguswe tena.

"Jibu lisiporudi, malipo yameshindikana"

Hii ndiyo dhana ya gharama kubwa kuliko zote, na inahitaji kuelezwa polepole.

Mfumo wa biashara siku hizi haukai peke yake. Malipo yanapitia huduma ya benki au ya kampuni ya simu, meseji zinapitia huduma nyingine, na risiti za kodi zinapitia nyingine tena. Hizo ndizo huduma za wavuti: mfumo wako unatuma ombi kwa HTTP (utaratibu uleule unaotumiwa na tovuti), wa upande wa pili unarudisha data, mara nyingi kwa JSON (mtindo wa kupanga data kwa maandishi). Korosho yenyewe imeingia humo. Mauzo yako chini ya stakabadhi ghalani, ambapo mzigo hupokelewa ghalani kwa stakabadhi kisha huuzwa, tangu msimu wa 2007/2008, na kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ikaanza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania.

Sasa karani anabonyeza "lipa". Ombi linaondoka, mtandao unakatika, jibu halirudi. Kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika likakataliwa. Na huenda lilifika, hela ikaingia kwenye akaunti ya mkulima, kilichopotea njiani ni jibu tu. Ukiwa upande wako, kimya cha hali zote tatu ni kimoja. Hakuna namna ya kuzitofautisha. Mfumo ukiandika "imeshindikana" na karani akabonyeza tena, mkulima mmoja analipwa mara mbili, na mwisho wa siku kuna mwingine ambaye hela yake haitoshi.

Kwa hiyo hali za muamala ni tatu: imefanikiwa, imeshindikana, haijulikani. Kabla ombi halijaondoka, mfumo utengeneze namba ya pekee ya malipo hayo, uihifadhi kwenye kanzidata, kisha uitume pamoja na ombi. Ukilazimika kurudia, rudia kwa namba ileile. Huduma iliyojengwa vizuri itaitambua na kurudisha jibu la mwanzo badala ya kulipa upya. Huduma isiyo na uwezo huo uiulize kwanza hali ya muamala, ndipo uamue. Wakati muamala uko kwenye "haijulikani", kitufe cha kulipa kisionekane kabisa, maana karani mwenye foleni ya watu mlangoni atakibonyeza tu.

Upande wa kupokea nako kuna mtego. Huduma nyingi hukutumia taarifa malipo yakikamilika, na taarifa hiyohiyo inaweza kuja mara mbili. Weka sharti la upekee kwenye safu ya namba ya kumbukumbu, ili kanzidata yenyewe ikatae ya pili. Na kila usiku linganisha orodha yako na ya benki, muamala kwa muamala. Mfumo wa malipo usio na ulinganisho wa namna hii mimi nauhesabu kuwa haujakamilika.

Huduma za wavuti zina mitindo yake ya kujengwa, na wapo wanaosema ule wa zamani, SOAP, umekufa, siku hizi ni REST tu. Roy Fielding alieleza REST mwaka 2000, na kweli imetawala. Hata hivyo taasisi kubwa bado zina huduma za SOAP na XML (mtindo mwingine wa kupanga data kwa maandishi) zinazofanya kazi kila siku. Ukikabidhiwa moja, isome uiunganishe. Ubishi wa mitindo hauna faida kwa mteja.

"Mtandao upo" na "huku mtandao hautufai"

Dhana mbili zinazopingana, na zote zinapotosha. Wa kwanza anajenga kana kwamba intaneti haikatiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania nzima ikahangaika, Dar es Salaam ikiwemo. Wa pili anakata tamaa na kurudi kwenye daftari. Kivinjari cha simu janja ya kawaida leo kinaweza kuhifadhi data ndani yake na kuituma mtandao ukirudi, kwa hiyo kituo cha kupokelea korosho kijijini kinaweza kuendelea kupima na kuandika asubuhi nzima bila intaneti. Cha kuangalia ni namba za risiti: vituo viwili vikijihesabia 1, 2, 3 bila kuwasiliana, namba zitagongana. Kila kituo kiwe na alama yake mbele ya namba.

Saa nazo ziangaliwe. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazobeba mifumo, huandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Lori likishusha ghalani Mtwara saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, kwenye seva bado ni Oktoba 31, na usipogeuza muda kabla ya kutoa ripoti, mzigo huo unahesabiwa mwezi mwingine.

"Usalama ni neno la siri"

Andika "Ng'apa" kwenye kisanduku cha kutafuta. Ni jina la mahali, Lindi, halina ubaya wowote. Mfumo ukitoa kosa la SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, basi umegundua jambo zito: mtengenezaji anaunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya kanzidata, na ile ritifaa (alama ya ') ya Ng' imefunga amri katikati. Tundu hilohilo ndilo mwizi anapitisha amri zake mwenyewe, na neno la siri refu namna gani halimzuii. Nimesikia makarani wakielekezwa waandike "Ngapa" ili mfumo usigome. Hapo wamezoeshwa tatizo na tundu limebaki wazi. Thamani zipitishwe kama vigezo, kando ya amri, jambo ambalo kila lugha kubwa ya programu inaliwezesha.

Ufunguo wa huduma ya malipo nao ubaki kwenye seva. Ukiuweka ndani ya msimbo wa ukurasa, yeyote mwenye kivinjari anaweza kuusoma.

"Data za wakulima ni mali yetu"

Majina, simu, akaunti za benki na kiasi alichopata kila mtu: orodha za namna hii hupigwa picha na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba ni tangazo la mkutano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa anayekusanya taarifa hizo, chama cha msingi kikiwemo. Kwenye mfumo maana yake ni jambo la vitendo: karani wa mizani aone jina na kilo, mhasibu aone akaunti, na kila anayefungua ukurasa wa malipo ya mkulima jina lake na muda vibaki kwenye kumbukumbu.